Mashine ya Kumnyamazisha Furaha

Siku moja ya utoto wangu imenirudia leo asubuhi, mwanangu, na haikurudi kwa upole. Ilirudi uliponiletea simu yako hapa kwenye kiti, ukanionyesha ile mashine ya kukaangia kwa hewa ya moto, nyeusi, yenye tumbo kama chungu cha plastiki, ukasema: "Mama, angalia hii. Njo ya bei ya chini kabisa mu Goma yote. Nitanunulia Furaha, anyamaze."

Nilikuwa nachambua mboga za lenga-lenga, nikaendelea kuchambua. Ukadhani sikuelewa mashine, ukaanza kunifundisha: ati viazi unaweka ndani bila mafuta, ati unazungusha hapa, ati inalia yenyewe vikiiva. Mashine niliielewa, Bahati. Tangu tulipokimbia Masisi nikaja kukaa kwako, nimeona mengi katika nyumba za majirani zako. Kilichonifunga mdomo ni lile neno la mwisho ulilomsemea mke wako. Anyamaze. Neno hilo nililisikia zamani katika nyumba ya baba yangu, na najua linampeleka mtu wapi.

Sasa umerudi kutoka kazini, umekula, umeshiba. Weka simu chini unisikilize. Watu husema hasira hasara, na ni kweli kwa hasira ya kijana, ile inayovunja sahani kisha inatafuta gundi. Hii yangu nimeipika muda mrefu. Imeiva, na leo nakupakulia.

Mimi nilizaliwa Nyamitaba, kule juu Masisi ambako ukungu wa asubuhi unakaa hadi ng'ombe wanamaliza kukamuliwa. Babu yako Bauma wewe ulimkuta mzee mpole, anakukatia fromaji, jibini ya kwetu, na kukuwekea kiganjani. Mimi nilimkuta mwanaume mwenye ng'ombe na sauti. Alikuwa mtu wa kanisa. Hakumpiga mama hata mara moja, na kwa hilo tu alijihesabu kuwa mume mwema.

Mama yangu Rozalia alipikia katika nyumba ya jikoni isiyo na dirisha. Kuni za kwetu ni mikaratusi, na mvua ya milima ile unaijua: kuni iliyolowa haiwaki, inanuna. Moshi ulipanda, ukakosa pa kutokea, ukashuka tena ukaingia ndani ya watu. Mimi nilijifunza kupika nikiwa nimefunga macho. Mkono ulijua penye chumvi, mkono ulijua penye mwiko. Na mama alikohoa. Alikohoa akikoka moto, alikohoa akisonga bugali, na kanisani sisi watoto tulijua amekaa upande gani bila kugeuza shingo.

Kisha watu wa senta ya kijiji wakafunga turbini ndogo mtoni, ya kusaga mahindi mchana na kuwasha taa jioni. Nyumba chache zikavutiwa waya, na ya kwetu ikawa mojawapo, maana baba alikuwa na maziwa ya kuuza. Umeme ukaingia sebuleni, ukawasha taa moja na redio moja, ukaishia hapo. Baba alikaa chini ya ile taa kama mfalme. Hatua chache tu kutoka kwake, mama alikuwa gizani anapuliza kuni.

Mke wa mwalimu alikuwa na resho, lile jiko dogo la umeme lenye sahani moja. Mama alipokwenda kumtembelea alikuta maziwa yanachemka bila moshi, na akarudi nyumbani kimya. Alikaa nalo siku nyingi kabla ya kusema. Nami nilikuwepo aliposema, wakati wa chakula, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka ugomvi, akimwita baba kwa jina langu.

"Papa Yozefina, sisemi nitaacha kuni. Bugali ya hii batoto yote haiwezi kuiva ku resho, na maharagi itamaliza umeme ya senta nzima. Naomba tu ya chai na maziwa ya asubuhi, saa kuni ingali na mvua. Hata ile tu, kifua itapumuzika kidogo."

Mwanangu, hebu msikie mwanamke yule. Hakufika darasa la kati, lakini alikuwa amekwisha kupima. Alijua kitu kile kitamsaidia wapi na kitamshinda wapi, kabla hata hakijanunuliwa. Na baba akamjibu nini? Aliendelea kumega bugali.

"Ni uvivu tu. Mama yangu alipikaka ku moto na hakulalamika hata siku moja."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama akauliza tena kipindi cha mvua kilichofuata, na tena baada ya hapo, kila mara kwa maneno machache zaidi. Wenzake baba walipokuja kunywa maziwa ya mgando walicheka: "Bauma, bibi yako anataka kuwa muzungu?" Nadhani kicheko kile ndicho kilichomuuma baba, si kikohozi.

Basi akashuka Goma kuuza fromaji, akarudi na resho. Hakumpa mama jikoni. Aliiweka juu ya meza ya sebuleni, wenzake wakiwa wamekaa, akamwita mama kutoka kwenye moshi, akamwambia: "Haya, kitu yako njo hii. Sitaki kusikia tena." Nilikisogelea kile kitu nikakitazama. Bati lake lilikuwa jembamba kama la kopo la samaki. Waya wake ulikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu, na mguu mmoja ulikuwa mfupi, kinayumba. Mama aliona hayo yote, maana niliona macho yake yakipita pale pale yalipopita yangu. Lakini alisema asante. Alikipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu wa heshima.

Asubuhi chache zilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Mama alivuta waya hadi mlangoni mwa sebule, akaweka jiwe chini ya mguu ule mfupi, maziwa yakachemka, na nilimsikia akiimba wimbo wa komunyo bila kukatika katikati. Mpaka leo sijasahau jinsi wimbo ulivyofika mwisho.

Kisha asubuhi moja nikasikia kishindo. Sahani ilikuwa imepinda kwa moto wake yenyewe, waya umeyeyuka, na mama alipogusa sufuria umeme ulimtupa. Nilimkuta amekaa chini, mkono anaushika kwa mkono, maziwa yamemwagika hadi kwenye miguu yake, na taa ya sebuleni imezimika. Baba akatoka chumbani. Akamtazama mama, akatazama resho, na, mwanangu, akacheka. Alicheka kama mtu aliyeshinda kesi.

"Si nilisema? Kila kitu iko na mahali yake. Mahali ya mwanamuke ni ku moto."

Akachukua misumari na nyundo, akaitundika ile resho iliyoungua kwenye ukuta wa jikoni, mbele ya macho ya mama, ili kila siku akipika aione. Ikakaa pale. Mvua zikaja zikaenda, nami nikakua chini yake. Kila mama alipokohoa sana, baba alionyesha kule ukutani kwa kidevu. Hakuhitaji tena kusema neno.

Hapo ndipo Shangazi Maombi alipokuja.

Shangazi Maombi alikuwa dada mkubwa wa baba. Mama yao alipokufa, yeye ndiye aliyembeba baba mgongoni na kumlisha, naye mwenyewe alikuwa msichana tu. Baadaye akaolewa Walikale, kule kwenye msitu, kwa watu wanaowinda na kulima, akawa haji mara nyingi kwa sababu ya njia. Safari hiyo alikuja kwa ubatizo wa mdogo wangu, na kikapu cha nyama iliyokaushwa kwa moshi kichwani. Aliingia jikoni kumsalimu mama. Akatoka mbio, machozi yanamtiririka, akainama uani akikohoa na kutema.

Alipopata pumzi akaniuliza: "Na ile bati ku ukuta ni ya nini?"

Nilimtazama mama. Mama alitazama chini. Nikamweleza shangazi yote, tangu siku ya ombi hadi siku ya msumari, na sikupunguza kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akaenda hadi kwenye zizi alikokuwa baba.

"Bauma. Leo unapika weye."

Baba akacheka kidogo. "Dada, mwanaume hapana kuingia mu jikoni. Batu batasema nini?"

"Nilikufuta mavi weye. Niambie tena maneno ya batu."

Akaingia. Angefanya nini? Kwa yule dada aliyembeba hakuwa na sauti. Shangazi akampa maharagi, akampa kuni zile zile zilizolowa, akaweka kigoda mlangoni akakaa. Akamwambia: "Utatoka wakati maharagi imeiva. Ni sheria ya hii nyumba, ao ni ya Rozalia peke yake?"

Mwanangu, maharagi ya kwetu hayana haraka. Tulimsikia baba akipuliza. Tulimsikia akikohoa, kwanza kama mtu anayesafisha koo, baadaye kama ng'ombe aliyekwama. Akaja mlangoni, shangazi hakusogea. Akarudi. Akaja tena, macho mekundu, kamasi hadi mdomoni, akapiga kelele:

"Unitoe, Maombi! Unataka niseme nini?"

"Useme ukweli ya ile resho."

Akaropoka. Hasira na moshi vilikuwa vimemfungua kifua. "Nilijua itakufa! Mwenye kuuza mwenyewe aliniambia, Papa, hii haina maisha, chukua ile ingine. Nilichukua hii juu ya kusudi! Nilitaka ife, ili anyamaze!"

Mama alikuwa amesimama karibu na mtungi wa maji. Aliweka ule mkono uliotupwa na umeme ndani ya kitenge, kana kwamba umeanza kuuma upya. Ndipo nilipojua kwamba mpaka siku ile mama alidhani ni bahati mbaya. Alidhani mumewe alimtafutia kitu akadanganywa na wachuuzi wa mjini. Alikuwa amemhurumia kimoyomoyo, miaka yote.

Shangazi alisimama. Sauti yake haikuwa na kelele hata kidogo.

"Kwetu Walikale tunakaushaka nyama ku moshi, Bauma. Lakini ile nyama imekufa, na ikikauka tunaitosha inje ya moshi. Huyu iko muzima, na weye haumutoshe. Na unasema mama yetu hakulalamika. Weye ulikuwa ku mugongo, haukuona. Mama alikufa na hiki kikohozi hiki. Mimi njo nilishikilia kichwa yake."

Baba alikaa kizingitini. Machozi yalikuwa yanamtoka, akasema ni moshi, na hakuna aliyembishia. Maharagi yaliungua. Tuliyala hivyo hivyo.

Kesho yake, kabla ya misa ya ubatizo, baba alichukua jembe akatoboa ukuta wa jikoni, dirisha kubwa upande wa chini na tundu upande wa juu, na shangazi akamwonyesha jinsi ya kuinua jiko kwa udongo ili moshi utokee nyuma. Resho ile iliyoungua aliing'oa mwenyewe. Baadaye akashuka Goma tena, na safari hii alikwenda na mama. Nami nilikuwepo, nimebeba mtoto. Mama alishika resho moja moja, akaipima uzito mkononi, akapapasa waya kwa vidole, akamwambia muuzaji aichomeke waone. Aliyoichagua haikuwa ya bei ya juu wala ya bei ya chini. Ilimchemshia maziwa hadi mwisho wake.

Lakini mwisho wake haukuwa mbali. Kifua kilikuwa kimekwisha kuharibika. Nilikuwa mke mpya, nimeolewa Bihambwe, waliponiita nije nimuage, na nilimkuta mama anavuta pumzi kama mtu anayepandisha mlima ilhali amelala. Baba alikuwa pembeni yake na kikombe cha chai aliyoipika mwenyewe. Nilimsamehe. Ilinichukua muda, na sala, na padri mzee mwenye subira. Yule mtu nilimsamehe, Bahati. Kile kitendo sikukisamehe, wala sikusudii, na leo asubuhi kimeingia nyumbani mwako ndani ya simu.

Najua utaniambia ulikuwa unatania. Baba naye alitania, na watu wakacheka.

Ulipoondoka nilimwita Furaha, nikamuuliza jambo ambalo wewe hukuuliza: anataka nini, na kwa nini. Alikuwa anapuliza makala ya babula, lile jiko la makaa, kwenye koridoo, maana mvua ilikuwa inanyesha, na mtoto mdogo alikuwa amejilaza hapo ndani anasema kichwa kinamuuma. Akaniambia: "Mama, nilitaka kitu ya kupikia viazi na samaki ya batoto saa ya mvua, nisiingize babula mu nyumba. Na mafuta iko bei. Lakini ile ya bei ya chini jirani alikuwa nayo. Kikapu yake ilianza kubambuka, vipande byeusi binashika ku viazi. Prizi yake, ile ya kuchomeka ku umeme, inapata moto mpaka unaogopa kuigusa. Tena ni ndogo. Sisi tuko bengi: bale ba mwisho banakula, bale ba kwanza basha sikia njaa tena. Kama pesa inatosha tu ile, afazali tungoje."

Nikamuuliza: "Haya yote ulimwambia Bahati?"

"Nilimwambia. Alisema napenda kulalamika."

Umesikia? Nilitaka kuitupa ile lenga-lenga yote mtaroni. Mke wako amekwisha kukupimia kila kitu, faida upande huu, hasara upande ule, bure, bila wewe hata kuinuka, nawe unamwita mlalamishi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe unalijua jiko la nyumba hii kwa harufu ya chakula tu.

Sasa shika nasaha yangu, nami sitaizungusha. Mashine ile si ya kudharauliwa. Ingekuwepo enzi zetu, ningemlilia mama yangu apate. Inaokoa mafuta, inaokoa macho, na inawaacha watoto wavute hewa safi usiku wa mvua. Lakini umeme wa mtaa huu unaujua unavyoruka na kukatika, kwa hiyo babula haitaondoka, na dirisha la koridoo lenye ubao uliopigiliwa litafunguliwa kwanza, tena kesho, maana hilo halihitaji duka. Kisha Jumamosi muende wote wawili. Yeye ashike kikapu, asugue kwa kidole aone kama kinatoa unga mweusi, aangalie waya na prizi, awaambie waiwashe mbele yake, aone kama viazi vya watoto wenu vitaenea humo ama vitapangiwa zamu. Akisema hii, ni hii. Akisema tungoje, mtangoja, na wala usinune. Pesa ikipungukiwa kwa iliyo nzuri, mtafute babula nzuri isiyokula makala, na hakuna aibu. Masikini kununua kitu cha bei ya chini si kosa, sote tumenunua. Kosa ni kununua kibovu huku ukijua, ukampa mtu kwa jina la zawadi, ili kikifa ufunge kesi. Hiyo si bei ya chini. Ndiyo bei kali kuliko zote, na huwa hailipi mnunuzi, anailipa mwenye kupika.

Na mtu wa nyumbani mwako akilalamika, mwanangu, shukuru. Bado anaamini una masikio. Siku atakayonyamaza ndiyo ya kuogopa.

Nimemaliza. Hasira imetoka, sasa nyoosha mkono nikuombee. Mungu wa mama yangu Rozalia akubariki wewe, na Furaha, na hawa wadogo. Afungue masikio yako kabla hajafungua mfuko wako. Akupe riziki ya kununua kitu kizima, na moyo wa kungoja pale riziki inapochelewa. Akupe uzee mrefu karibu na mwanamke huyu, yeye akiwa na pumzi yake yote, akiimba jikoni kwake hadi mwisho wa wimbo. Amina. Sema amina, nikusikie.